Jinzi ya Nduku Nimeificha Wiki Saba

Mpendwa Bi Tima,

Naomba msaada, na naomba wa haraka, kwa sababu mwezi ukiisha nami nimekwisha. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, nauza jinzi za mitumba hapa soko la Mukuyuni, na tafadhali jina langu usilitaje maana wateja wangu wanasoma ukurasa wako, wewe sema tu ni yule wa meza ya tatu kutoka lango la chini, anayepakana na mama wa ndizi.

Kuna fundi wa cherehani anaitwa Nduku, ana kibanda chake Mbumbuni, anashona mifuko ya shule na viti vya bodaboda vilivyoraruka, na kazi hiyo anaifanya ameipa barabara mgongo, sasa jinzi zake za zamani zilikuwa za kiuno cha chini, akiinama kuokota kitambaa zinateremka mgongo unabaki nje, mpaka akina mama wa kanisani kwao wakawa wakipita wanamfunika leso bila kuulizwa. Ndipo akaja sokoni kutafuta ya kiuno cha juu. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Nataka high waist, lakini si ile ya kunishika mapaja halafu huku nyuma inaachana na mimi. Niko na nyonga, si unaona?" Nikaona, nikatazama chini. Bi Tima, nimeuza jinzi miaka sita na hakuna mtu alikuwa amenieleza shida yake vizuri namna hiyo.

Siku hiyo nilimuuzia moja ya mia tatu kwa nia safi kabisa, naapa. Hapa hatuna chumba cha kujaribia nguo, tunapima kwa shingo, yaani unafunga kifungo, unakizungusha kiuno cha jinzi shingoni mwa mteja, ncha mbili zikikutana nyuma basi kiunoni itamtosha. Nikamwondolea kwanza tepu yake ya kupimia, maana fundi hutembea nayo shingoni, nikamzungushia jinzi, ncha zikakutana, akalipa akaenda. Soko lililofuata akairudisha, imefuliwa na kupigwa pasi. "Mapaja iko sawa," akaniambia, "lakini hapa kiuno ngumi mbili zinaingia." Nikamwambia pole, shingo yako inadanganya, nitakutafutia ingine.

Jioni ya siku hiyo nikafungua bale mpya, lile furushi la mitumba lililofungwa, na shida yangu ikatoka humo. Jinzi ya bluu iliyoiva, kitambaa kizito kinachovutika kidogo, kutoka mshono wa katikati ya mapaja hadi kifungo ni shibiri moja na vidole vitatu, nyonga pana, kiuno kimeingia ndani, doa hakuna. Sisi za aina hiyo tunaziita kamera, ndizo za kwanza kuondolewa kabla watu hawajachagua, na zile za mwisho za kumwaga chini tunaziita fagia. Niliishika tu nikajua ni ya Nduku, bila kupima shingo ya mtu. Halafu nikajiuliza, akiipata hii, atarudi kufanya nini hapa? Nikaitia kwenye mfuko wa unga nikausukuma chini ya kiti.

Tangu hapo nimekuwa mwongo wa kila siku ya soko. Nimempa ya kubana mapaja. Nimempa ya kupendeza akisimama lakini akiketi inamkata pumzi, na mtu mwenyewe kazi yake ni kuketi. Nimempa moja ambayo kiuno kilikuwa juu mbele na chini nyuma, sijui ilishonewa nani. Na tukipima, mimi ndiye ninayeshika ncha nyuma ya shingo, mahali yeye haoni, zikikataa kukutana nazivuta hadi mama wa ndizi ameniuliza kama namnyonga mteja. Nduku husema tu, "Sawa, nitajaribu nyumbani," na soko lijalo anarudi nayo imefuliwa na kupigwa pasi. Nilipomuuliza mbona asiipunguze kiuno mwenyewe na yeye ni fundi, alisema sindano yake haipiti jinzi, inavunjika, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya hiyo sindano. Wiki ya tano aliniletea machungwa manne, eti yalikuwa yanaharibika nyumbani.

Sasa soko lililopita nilienda msalani nikamwachia jirani yangu Mulinge meza, kurudi nikakuta ameufungua ule mfuko, ameivisha ile sanamu ya kuonyeshea nguo jinzi yangu, anapiga kelele, "High waist! Kamera! Mia nane, mia nane!" wanawake wawili wameshika kila mmoja mguu wake wanavutana, na pale barabarani namwona Nduku anashuka kwenye boda. Sikufikiri. Niliwanyang'anya, nikaiweka kitini, nikaikalia. Nduku alipofika nilimhudumia nikiwa nimeketi.

"Mbona leo hausimami?"

"Ni mgongo."

"Aiya, pole. Wewe ni mdogo sana kuanza mambo ya mgongo."

Akanirudishia ya wiki iliyopita. Nikaanza kusema bale ya wiki ijayo itakuwa nzuri, akanikatiza. "Wacha tu, nimechoka kukusumbua. Mwisho wa mwezi nikilipwa mifuko ya shule naenda Wote mjini, kuna moja nimeona dukani, elfu mbili mia nane. Nitachukua hiyo tuishe. Hautaniona tena hapa kila wiki."

Bi Tima, mimi naweza kumuuzia jinzi mtu aliyekuja kununua nyanya, lakini neno la mapenzi halijawahi kutoka kinywani mwangu likafika. Nikimpa ile jinzi hatarudi, nisipompa hatarudi, na nikimwambia ukweli atanitangaza Mbumbuni yote. Nimefikiria Mulinge ampelekee, aseme imetoka kwake, ili angalau apate nguo yake nami nisijulikane. Silali vizuri, na sitaki awe mtu niliyemuuzia tu. Nifanye nini?

Wako,
Meza ya Tatu, Mukuyuni

*

Bi Tima anajibu:

Meza ya Tatu, salamu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Meza umeitaja mwenyewe, lango umelitaja, na mama wa ndizi umemtaja, basi wiki hii ukisikia watu wanacheka wakipita usiniulize mimi.

Kaa vizuri kwanza nikugombeze, na usikalie nguo ya mtu. Huyu binti alikuja kwako na haja moja: apate suruali ya kumsitiri mgongo akiwa kazini. Suruali ipo. Wewe umeitia kwenye mfuko wa unga na kumwacha aendelee kufunikwa leso na wapita njia. Nauli ya kwenda na kurudi imetoka kwake, sabuni ni yake, makaa ya pasi ni yake, na kila akija kwako ni siku kibanda chake kimefungwa. Hayo unayaita mapenzi? Mtu unayempenda humtakia nafuu. Wewe umemfuga kwa shida yake, na hilo ni kosa.

Haya, nimemaliza kugomba, sasa nicheke kidogo. Soma tena barua yako mwenyewe, polepole. Mwanamke amekuja na tepu shingoni. Kiuno chake anakijua kwa inchi kuliko anavyoijua namba yake ya simu, na ile jinzi angeipima kwa sekunde kumi akakurudishia papo hapo. Badala yake anasimama kimya, anakuacha uiondoe hiyo tepu umpime kwa shingo kama mgeni wa soko! Na hiyo sindano! Sindano inayotoboa kiti cha bodaboda ivunjwe na kiuno cha jinzi? Mwanangu, fundi yeyote wa hapa Kitui angekuambia hiyo ni kazi ya nusu saa, chai ikiwa bado moto.

Sisemi anakupenda. Moyo wa mtu siuoni kutoka huku niliko. Ninalosema ni kwamba naye amekuwa akidanganya kama wewe, na mtu mzima hadanganyi wiki saba kwa ajili ya nguo ya mia tatu.

Lakini usianze kujipongeza. Amekuambia amechoka, na nadhani amechoka kweli. Alipotaja Wote hakuwa anakupa habari za maduka. Alikufungulia mlango useme neno, wewe ukasema mgongo. Akienda kutoa elfu mbili mia nane ya jasho lake kwa sababu ya ukimya wako, hata mimi nitamshauri asikuangalie tena.

Kabla sijakupa dawa yako, niruhusu nizungumze na akina dada, maana najua wapo walioruka habari za mapenzi wakitafuta jinzi. Mimi mwenyewe chini ya buibui huvaa hizo hizo, na mwili wangu ni kama wa Nduku. Ukiwa na mia tatu, chagua inayotosha nyonga na mapaja, kiuno kikizidi usijali, mpelekee fundi akitie ndani. Nyonga hazishonwi upya, kiuno hushonwa. Shingo inasaidia kidogo tu, na usikubali muuzaji akushikie ncha, sasa mmejua kwa nini. Nenda na leso, ivae juu ya sketi yako kama hapana pa kujificha, kisha uketi, hata kama ni juu ya gunia la maharagwe. Ikikukata tumbo au ikiachia mgongo ukiwa umeketi, irudishe, hata muuzaji akikuita malkia. Mwenye mia nane awahi asubuhi bale inapofunguliwa, aombe kamera. Na mwenye elfu mbili na zaidi aende dukani, lakini achuchumae mara tatu mbele ya kioo kabla ya kufungua pochi, kwa maana bei haimjui mtu nyonga. Kikivaliwa siku moja tu, kitambaa chepesi cha duka huanza kulegea magotini sawa na cha soko.

Sasa wewe.

Mulinge usimtume. Mtu aliyeivisha sanamu nguo ya siri yako katikati ya soko ataipeleka hiyo salamu na king'ora. Halafu, akimpa yeye, mwisho wake atakuwa ni yeye aliyempatia Nduku jinzi iliyomtosha, na wewe utabaki na mfuko wa unga. Mficha uchi hazai.

Siku ya soko pia usiingoje. Funga meza siku ya kawaida, panda boda wewe mara hii uende Mbumbuni, mchana, kibanda kikiwa wazi. Ipige pasi kabla hujaondoka. Umeikalia.

Ukifika, sema kwanza, jinzi baadaye. Ukianza na jinzi atafurahi, na wewe nakujua, utajificha ndani ya furaha yake na kupanda boda kurudi. Maneno yenyewe ni machache na nakuandikia usije ukapotea: "Nduku, hii ilitoka kwenye bale soko la pili. Niliificha kwa sababu nilitaka urudi. Nimekukosea." Hapo unanyamaza. Usiongeze habari ya kamera, usiongeze fagia, wala usimwambie nami sindano yako naijua. Hiyo ni siri yake, atakuambia akitaka. Mia tatu alishalipa siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna cha kudai. Bure usiseme, maana kitu cha bure hapo kitanuka rushwa. Kiuno apime mwenyewe, mikono yako iweke mfukoni.

Akikufokea, simama ufokewe mpaka amalize, hata wateja wa viti wakisikia. Akiamua kukutangaza Mbumbuni, ni haki yake, na utauza jinzi huko soko la Ikutha mwaka mmoja watu wasahau. Akicheka, usikimbilie kucheka naye, huenda anacheka kwa hasira.

Kisha, akishatulia, muulize kama unaweza kuja tena Jumapili baada ya kanisa, bila nguo yoyote mkononi. Hilo ndilo swali ulilolikwepa wiki saba kwa kupima shingo. Akisema hapana, yeye amepata suruali na wewe umepata jibu, na kila mmoja arudi kwenye kazi yake. Akisema ndiyo, oga uende.

Bi Tima, Kitui mjini