Maji ya Udhu na Mchicha Wako

Mpendwa mke wangu Rukia,

Bustani yako ilikaribia kufa, na nusura niiue mimi. Usinune kwanza. Ngoja nieleze.

Unakumbuka nyumba ile ya nyuma ya msikiti ilipoporomoka, ukamwendea mwenye kiwanja na sinia la mahamri? Alikubali mtaa mzima tulime pale kwa sharti moja: siku akikuta pamekauka, atapakodisha kuegesha pikipiki. Nami nikakwambia haiwezekani, kwa kuwa visima vyetu vina chumvi, na nikakueleza chumvi inavyoharibu mizizi. Ulinisikiliza huku ukimenya vitunguu, halafu ukauliza, "Maalim, maji ya udhu huenda wapi?"

Yalikuwa yakienda mtaroni. Ukamleta fundi akayageuza njia, na kwa kuwa hayana sabuni, mchicha uliyapenda. Kila nyumba ikaleta machicha yake ya nazi na maganda ya ndizi tuozeshe mbolea, na kila nyumba ikachuma kwa zamu. Hata muuza viazi karai wa pale kona aliacha kununua kotmiri sokoni, akawa anachuma kwetu.

Ulipotutoka, Bi Zena jirani yetu alishika usimamizi. Mimi niliombwa nitoe darsa msikitini baada ya alasiri, nikachagua kuzungumzia israfu ya maji. Nilieleza kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa maji kidogo mno. Watu waliguswa. Mzee Shee, unayemjua, aliyekuwa akitawadha kama anayefua zulia, sasa akawa anafungua mfereji kwa kiasi cha machozi.

Haikupita muda, Bi Zena akanijia barazani na shina mkononi.

"Maalim, hiki nini?"

"Mchicha."

"Ulikuwa mchicha. Sasa ni ufagio. Watu wako wamekuwa wachamungu, na mferejini hakutoki kitu. Mwenye kiwanja anakuja Ijumaa ya wiki ijayo."

"Sasa niwaambie wafanye israfu?"

"Mimi sijui. Msomi ni wewe."

Basi niliandaa darsa la pili, kufafanua tofauti ya maji yanayopotea na maji yanayofika mahali pa manufaa. Ni tofauti nyeti, inahitaji utangulizi. Nikiwa bado kwenye utangulizi, niliona vichwa vinainama. Wewe wajua hukumu yake: aliyelala amekaa imara, udhu wake upo, aliyelala ubavu, umetenguka. Mzee Shee alianza kwa kuegemea nguzo, akateleza polepole mpaka zuliani, na safu nzima ikamfuata.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyowaamsha. Wakainuka wote kwenda kutawadha upya. Kila mmoja alitumia maji kidogo, kama nilivyomfunza, lakini walikuwa wengi. Nilipotoka nilimkuta Bi Zena amesimama kwenye matuta, miguu imelowa.

"Maalim, kesho utazungumza nini?"

"Mada imekwisha."

"Haijesha. Irefushe."

Nikairefusha kila alasiri. Ijumaa ilipofika, mwenye kiwanja alikuta matuta mabichi. Akazunguka kutafuta pa kulalamikia, asipaone, akaondoka na fungu la mchicha kwapani. Imamu anasema hajapata kuona darsa lenye faida namna hii, na sikumuuliza ana maana gani.

Ungecheka wewe, uliyekuwa ukilala katikati ya maelezo yangu miaka yote ya ndoa yetu. Ila wewe ulikuwa ukishtuka, ukijitengeza leso, ukaniuliza, "Umefikia wapi?" Nami nikakurudishia tangu mwanzo. Hawa wakishtuka hukimbilia mferejini. Msikiti umejaa, na hakuna hata mmoja anayeniuliza.

Kwa hiyo nakwambia wewe, bila ya kuulizwa. Pikipiki hazikuja. Rehani uliyoipanda ukutani imechanua, na leo nimeichuma kidogo, ipo hapa mezani inanukia. Bi Zena ananiita, alasiri imekaribia.

Nimefikia hapa.

Mumeo