Mwale wa Kwa Mama Zainabu

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Kawangware hatujambo. Anayeandika ni dada yako Nekesa, mimi kalamu naijua kwa sura tu. Mamako amepona kifua. Wewe kula, ile picha uliyotuma ilinionyesha mifupa.

Umeuliza mwanga, nuru na mwale vinatofautianaje. Kwani huko chuoni Mombasa hawajui? Mimi nilifundishwa Kibera na jirani yangu Mnubi, Mama Zainabu. Chumba chake kiliezekwa kwa mabati makuukuu, yenye matundu ya misumari ya zamani. Sisi wengine tuliziba yetu kwa lami. Yeye aliacha tundu moja, maana jua likipita hapo na kugusa jiko, alijua adhuhuri imekaribia.

"Mwanga ni wa chumba chote," aliniambia. "Huu uzi mmoja ndio mwale. Nuru ni neno la Waarabu, lilikuja na dini. Hiyo huonekana hata usoni mwa mtu."

"Na kwa Kinubi, mwale mnauitaje?"

Akacheka. "Mama yangu alikuwa na neno lake. Limenitoka. Nitamuuliza dada yangu Ijumaa."

Kabla ya Ijumaa nyumba zetu zilibomolewa, barabara ipite. Mimi nikaja huku na sufuria zangu, yeye sikumwona tena. Nimewauliza Wanubi wengine, wananitajia neno la mwanga tu. Lile la mama yake sikulipata, na linaniuma kuliko nyumba.

Basi wewe piga simu, niulize hata mambo ya kijinga. Bado nipo.

Kukhu wako