Jioni bip ya mama ilipokosa njia

Alhamisi, katikati ya Novemba. Likasi, mvua tangu mchana.

Mvua ya leo haina kelele. Inanyesha polepole, imelowesha ua mzima, na moshi wa kiwanda cha Shituru umeshuka hadi kwenye madirisha. Umeme umeondoka. Simu bado ina chaji, kwa hiyo ninaandika.

Sijaandika hapa muda mrefu. Wasomaji wangu wawili watatu, kama bado mpo, mnisamehe. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulitazama, sembuse kuliandika.

Keshokutwa alfajiri ninapanda basi la Lubumbashi, kisha mpaka wa Kasumbalesa, kisha Lusaka. Ninakwenda kupasuliwa. Nina uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na daktari ameniambia waziwazi kwamba huenda mfuko wenyewe ukatolewa. Nina miaka thelathini na tisa, sina mume wala mtoto. Mpaka leo jioni, daktari huyo ndiye mtu pekee aliyejua.

Mama nilimdanganya. Nilimwambia ninakwenda Lubumbashi kwenye semina, maana ninauza dawa katika famasia moja mjini na semina huwa zipo. Baba aliingia chumba cha upasuaji akizungumza, akatoka amefunikwa shuka. Tangu siku ile mama akisikia habari za kupasuliwa anafanya ishara ya msalaba na kutoka nje. Nilijiambia kwamba ninamlinda.

Nieleze kwanza habari ya bip, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea leo.

Mama anaishi Kakontwe, katika nyumba aliyotuachia baba, karibu na machimbo ya chokaa alikofanya kazi. Mimi nimepanga chumba kimoja hapa Shituru. Kila siku giza likianza, mama akishafunga mlango wake, ananibipu. Simu inalia mara moja, anakata. Nami ninambipu. Hakuna anayepokea. Maana yake ni kwamba nipo, nimefunga mlango, lala salama. Tunafanya hivyo tangu nihamie huku. Kuna siku ambazo hiyo ndiyo simu pekee inayonitafuta bila kutaka dawa ya kikohozi.

Sasa, simu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na ina nafasi ya kadi moja tu. Nikiweka kadi ya Zambia, lazima nitoe ya Kongo. Nikiitoa, bip ya mama haitanifikia. Na nikimbipu kwa namba ya Zambia, ataona namba ya kigeni na uongo wangu utaanguka palepale.

Ndipo nikasoma kuhusu eSIM, laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu yenyewe. Kadi yangu ya zamani ingebaki mahali pake ikipokea bip, na laini mpya ingenipa intaneti ya kuandikiana na hospitali na kutafuta njia katika mji nisioujua. Watalii huinunua ili waone ramani na kutuma picha. Mimi niliinunua jana ili mama asijue niliko.

Nililetewa kwenye barua pepe ile picha ya vimraba vyeusi, na maelekezo: fungua kamera, isome picha hii. Lakini picha yenyewe imo ndani ya simu ileile. Nikifungua picha, kamera haipo. Nikifungua kamera, picha imejificha. Nilifika mahali pa kusimama mbele ya kioo nimeishika simu kifuani, nikidhani kioo kitanisaidia. Nilicheka. Halafu nikaona kwamba ninacheka peke yangu, nikaacha.

Walioandika maelekezo yale walidhani kila msafiri ana mtu pembeni mwenye simu ya pili. Labda huko kwao ni hivyo.

Leo mchana nikaenda kwenye kibanda cha fotokopi, wakanichapia picha ile kwenye karatasi. Mwenye kibanda aliigeuzageuza.

“Hii njo ya église, ao ya mariage?”

Siku hizi watu huweka vimraba hivyo hata kwenye matangazo ya kanisa na kadi za harusi. Nikamwambia ni ya safari.

“Na unaenda na nani?”

Nilisema ninaikimbia mvua, nikaondoka.

Nyumbani niliilaza karatasi mezani, nikaelekeza kamera, na simu ikakubali papo hapo. Ikaomba niipe laini mpya jina. Nikaandika ‘Lusaka’. Ikauliza nitapiga simu kwa laini ipi, nitapata intaneti kwa ipi. Nikachagua kama mtu anayejua. Mwishoni maelekezo yalisema hivi: ili salio lako lisiliwe ukiwa nje, zima laini ya nyumbani. Sisi huku hatuhitaji kuambiwa mara mbili habari za salio kuliwa. Unanunua mega za intaneti asubuhi, mchana zimekwisha na hujafungua kitu. Nikaogopa, nikaizima laini ya Kongo palepale, nikiwa ningali Likasi, mpaka wa Zambia ukiwa bado mbali.

Sikukumbuka kuiwasha.

Giza lilinikuta nikifunga begi. Nilikuwa naweka kitenge, nakitoa, nakiweka tena. Kwa kweli nilijisikia vizuri kidogo, kwamba angalau jambo moja nimelimaliza mwenyewe. Sikugundua kwamba simu iko kimya. Nikasikia pikipiki uani, kisha mlango ukagongwa kwa kiganja.

Alikuwa mama, amelowa chapachapa, mfuko wa plastiki kichwani, kitenge kimemganda miguuni. Goti lake ni bovu, na pikipiki anaziogopa kuliko nyoka. Sijawahi kumwona juu ya pikipiki maisha yangu yote.

“Weye iko?” aliniuliza, nami nimesimama mbele yake.

“Niko, mama.”

“Nilikubipe, nikakubipe tena. Ule mwanamuke wa mu telefone anasema hauko.”

Alinishika mikono, kisha uso, akahakikisha. Akamgeukia kijana wa pikipiki aliyekuwa anangoja kwenye mvua, akamwambia aende, mutoto iko muzima.

Ningeweza kumwambia kwamba chaji ilikwisha. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kitenge hadi sakafuni, na nikachoka. Nilichoka kabisa na uhodari wangu. Nikamwambia yote tukiwa tumesimama: uvimbe, Lusaka, kisu.

Hakufanya ishara ya msalaba. Alikaa kwenye kiti, na chumba hiki kina kiti kimoja tu. Akauliza jambo ambalo sikutaka kujiuliza.

“Garde-malade yako ni nani?”

Huku kwetu mtu halali hospitalini peke yake. Ndugu mmoja huenda naye, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda, akampikia, akamwita muuguzi, akapokea simu za ukoo. Huyo ndiye garde-malade. Mgonjwa asiye na mtu kwenye mkeka, wodi nzima humwangalia kwa huruma, na mara nyingi huishia kulishwa na mlinzi wa mgonjwa mwingine.

“Hakuna,” nikasema.

“Na minye?” Alijigusa kifua.

“Hauna passeport, mama. Ninaondoka keshokutwa.”

Alikamua upindo wa kitenge chake. Kisha akasema kwamba alijua ninaumwa. “Naonaka vile unatembea, unashika tumbo. Nilikuwa nangojea tu uniambie.”

Kumbe miezi yote hiyo, kila jioni, nilikuwa nambipu kwamba niko salama, naye ananibipu kwamba ameamini. Wote wawili tulikuwa waongo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na methali hiyo nimeichukia tangu nilipoupita umri ambao mama alinizaa nao. Leo imenikuta begi likiwa mkononi.

Nilimpa nguo kavu na chai. Akataka nimwonyeshe hiyo eSIM iliyoleta balaa. Nilimwonyesha: hii hapa ni laini yako wewe, hii hapa ni ya Zambia. Niliwasha ya Kongo na ujumbe ukaingia wa simu nilizokosa, zote zake, nyingine alipiga akiwa tayari njiani juu ya pikipiki. Nikamweleza kwa fahari kwamba sasa, hata nikiwa Lusaka, atabipu namba ileile nami nitasikia, na nitamjibu kwa namba ileile.

“Na ile siku banakupasula?”

Nilipanga kila kitu isipokuwa hilo. Jioni hiyo laini zote mbili zitakuwa hewani, na mimi nitakuwa nimelala kwa dawa, na hakutakuwa na kidole cha kumbipu mama. Atakaa Kakontwe gizani akisubiri, kama alivyomsubiri baba. Nilianza kulia. Nilisema kwamba ninaogopa kuamka mahali ambapo hakuna anayejua jina langu, au nisiamke na hakuna wa kumwambia. Nilikuwa sijalisema kwa sauti mpaka leo.

Mama aliniacha nilie. Kisha akaongea polepole, kwa sauti anayoitumia akipanga siku ya soko.

“Ile siku, kukiingia giza, minye nitabipe. Usipojibu, nitabipe tena. Nitabipe mpaka asubui. Ukiamuka utakuta minye njo nilikuwa nakubipe.”

Amelala sasa kitandani mwangu, uso ukutani. Kesho nitamrudisha Kakontwe, na keshokutwa nitaondoka peke yangu. Hilo halikubadilika, na bado ninaogopa.

Ila nimejua la kumwomba muuguzi wa Lusaka. Aiweke simu karibu na mto wangu. Ikilia mara moja ikakatika, ikalia tena ikakatika, usiku kucha, asidhani imeharibika na asiizime. Huyo anayebipu ndiye garde-malade wangu.