Mguu wa Clete

Coker Springs,
Tennessee.
9 Oktoba 1972

Mpendwa mdogo wangu Delmar,

Habari za huko Alaska? Ule mkono ulioumia kwenye mashine ya samaki umepona? Na Wanda na watoto, wazima? Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo, miguu bado inamvimba. Mimi ni mzima wa mwili; moyo usiuulize.

Telegramu ilikuambia tu kwamba kaka Hoyt amefariki. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia ya watu, maana hapa kila mwenye mdomo anasema lake.

Unawajua watu wa huku na mieleka yao. Siku waliyooa wanaisahau, lakini hawasahau ni Jumamosi gani Mchinjaji wa Cumberland alimnyoa bingwa wao nywele mbele ya mkewe, wala siku ile ya minyororo, viti vilipotiwa moto. Mchinjaji! Kaka yetu huyuhuyu aliyekuwa akilia mama akimtuma kuchinja kuku. Basi Agosti alimvunja Clete Ramsower mguu kwa kiti cha chuma, ulingoni. Ukumbi mzima ulilia. Wazee waliapa hawajaona siku kama ile tangu mieleka ianze kuja milimani huku.

Mimi na wewe tunajua mieleka yao ni maigizo ya kupangwa, na mguu ule haukuvunjika. Clete, aliyekulia mezani kwetu akila maharage na mkate wa mahindi wa mama, alifungwa plasta kutoka goti hadi kisigino, akapewa magongo, na promota akawaonya wote wawili wasionekane pamoja hata kanisani. Kazi yao ndivyo ilivyo: mkiwa mahasimu ulingoni, ni mahasimu hadi sokoni. Wengine hata wake zao hawawaambii ukweli.

Watu wakaamini, na Lonnie Tackett, kijana mmoja mshabiki wa Clete, akaamini kuliko wote. Jumamosi ya tarehe 23 Septemba, Hoyt akitoka ulingoni, kijana yule alimchoma kisu cha tumbo katikati ya viti, huku akipiga kelele, "Hiki ni cha mguu wa Clete!"

Hoyt alitembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo. Wanamieleka hujikata kipaji cha uso kwa wembe, unajua, ili damu iwapandishe watazamaji mori. Wenzake walipomwona ametapakaa damu wakampigia makofi. "Aisee Hoyt, leo umetufunika wote!" Akacheka nao kidogo, halafu akaanguka. Delmar, walimpigia makofi! Haki ya Mungu!

Hospitalini alikaa siku tatu akimwulizia Clete. Nikamfuata promota, nikamtolea uvivu. Akanijibu huku anatafuna sigara yake, "Verna, Clete mguu wake umevunjika, na aliyeuvunja ni ndugu yako. Sasa ampelekee maua? Unataka wanaume wote hawa wakose chakula?" Clete hakuja. Hoyt alikufa macho yakiwa mlangoni.

Nikaapa: Clete asipokuja kumzika, kwangu mimi naye amekufa.

Hata kumzika kukawa kazi. Jeneza lilitaka wanaume sita, nikapata watano. Shemasi Arvil, tuliyesoma naye darasa moja, aliniambia bila haya, "Nikimbeba Mchinjaji, dukani kwangu ataingia nani tena?" Nikamwambia alale nalo hilo duka lake.

Siku ya maziko watu walijaa barabarani, na wala hawakuja kulia. Walikuja kumwona Clete. Alisimama ng'ambo ya barabara na magongo yake, wanampigapiga mgongoni, wanampa pole ya mguu. Pole ya mguu, na ndugu yangu yuko ndani ya sanduku! Nikapiga moyo konde, nikashika mpini wa sita mimi mwenyewe. Tulipoanza kupanda kilima cha makaburi nikateleza kwenye matope, jeneza likalala upande.

Clete akatupa magongo. Alivuka barabara kwa miguu yake miwili, anakanyagia plasta ile bila hata kuchechemea, akanisogeza kwa bega. "Lete, dada. Huyu ni wangu." Promota aligeuka, akaingia kwenye gari lake.

Aliyesema wa kwanza ni mama yake Lonnie. Alikuwa peke yake kwenye geti la makaburi, maskini, hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Nadhani alikuja kutuomba radhi akakosa pa kuanzia. Alimtazama Clete toka kichwani hadi miguuni. Akauliza, wala si kwa sauti kubwa, "Mzima? Clete, mguu ni mzima? Sasa mwanangu ameua kwa sababu gani?"

Clete aliinamisha kichwa, akaendelea kubeba. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumrushia mama yule, nimeyaandaa wiki nzima. Yote yalinikauka. Tulimfukia Hoyt huku tukimsikia pale getini akimwuliza kila anayetoka, na kila mmoja akimpita kimya, hadi nikabaki mimi. Delmar, na mimi nilimpita.

Mama anakusalimu, anasema uvae nguo nzito. Clete naye anakusalimu. Kazi hana tena. Mbusu Wanda na watoto kwa niaba yetu. Mungu akufunike katika baridi hiyo, akurudishe ungali salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa machozi,
Verna