Matairi Yaliyozeeka Yamesimama

3 Machi

Mpwa wangu Spana,

Pokea salamu za mtu ambaye akikohoa asubuhi, mafundi watatu wa mtaa huu huweka vyuma chini kusikiliza kama ni kikohozi au ni agizo. Mimi mzima. Mama yako mzima pia, isipokuwa macho. Juzi amelisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi. Koti halikujibu, akasema nina kiburi.

Sasa sikiliza. Hospitali wametupa tarehe: mbili Aprili atatolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Miezi minane tumesubiri! Ni kilomita tisini, na daktari amesema wakati wa kurudi asitikiswe wala asipigwe vumbi. Kwa hiyo habari ya basi imekwisha. Nitampeleka mimi, kwa gari langu.

Gari unalijua. Lina miaka kumi na mitano na limetembea kilomita elfu thelathini na moja tu. Yule mwalimu mkuu mstaafu aliyeniuzia alikuwa akilitoa kama watu wanavyotoa vyombo vya wageni, na mimi nimefuata nyayo zake. Matairi ni yale yale ya kiwandani, meno yamejaa kinywa. Kila Jumapili nayapaka rangi ya viatu, yanang'aa mpaka mbwa wa jirani anajiona na kubweka. Mwaka juzi mkuu wa askari wa barabarani alinisimamisha. Si kwa kosa! Alitaka siri.

Nakuandikia wewe unayefunga matairi huko karakanani ili ujue kwamba kwenu pia kuna mtaalamu.

Mjomba wako,
Chuma

---

9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mgongo tu unalalamika, lakini ndiyo kazi. Mwambie mama nimefurahi mpaka nikapiga kelele, bosi akadhani nimebanwa na jeki.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia tairi. Nilipofika kwenye yale ya kiwandani, nikasimama.

Mjomba, tairi halizeeki kwa kutembea tu. Mpira unakauka hata ukikaa, na ukikaa bila kutembea ndiyo unakauka vizuri zaidi. Meno yanaweza kuwa marefu na tairi likawa limekwisha. Tafadhali piga magoti, tazama ubavuni. Utaona kiduara kirefu kama punje ya haragwe, ndani yake tarakimu nne. Niandikie hizo tarakimu. Na rangi ya viatu iache, inaficha nyufa.

Usinichekee. Wiki iliyopita gari la namna hiyo hiyo, safi, la bibi mmoja asiyetoka, lililetwa hapa likivutwa. Tairi lilichunika ngozi kama ndizi.

Mpwa wako,
Spana

---

14 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo, na nguvu zimezidi. Nimepiga magoti kama ulivyoniagiza, ingawa mimi watu ndio hunipigia. Tarakimu ni 2310. Nilizielewa palepale, sikuhitaji mwalimu. Ni kilo ambazo tairi moja linabeba. Yako manne, zidisha. Mimi na mama yako na kikapu chake hatufiki robo. Unaona?

Halafu unaniambia mpira unazeeka kwa kukaa. Mtoto wewe! Mimi nimewahi kuendesha lori la mbao kutoka mlimani kwa matairi matatu, la nne nimelibeba begani kupitia dirishani, na mzigo ukafika bila ubao kuhama. Kitu kisichotumika kinazeekaje? Suti yangu ya harusi imekaa sandukuni miaka ishirini na saba na bado ni suti. (Hainitoshi, lakini hilo ni kosa langu, si la suti.)

Sibadilishi. Na siku nikibadilisha, nitaweka yale mapana yenye maandishi meupe ubavuni, gari lisimame kama dume.

Dada yangu huyu mkubwa alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Zamu yangu imefika, na hakuna karakana itakayonipokonya.

Mjomba wako,
Chuma

---

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na nataka mbaki hivyo.

2310 si kilo. Ni wiki ya ishirini na tatu ya mwaka 2010. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi lako. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la nne.

Unasema hakuna wa kukupokonya. Mimi nitakupokonya. Yule ni mama yangu. Ukimpandisha kwenye matairi hayo, usiniite mpwa tena, na nasema nikiwa na akili zangu timamu.

Ruhusa ya kuja sijapata, nimeomba mara mbili. Kwa hiyo soma polepole. Nunua manne. Kipimo kiwe kilekile kilichoandikwa ubavuni, 175/70 ringi 13, usiongeze hata kidole. Mapana yatasugua mwili wa gari ukikata kona. Huna haja ya tairi la mbio wala la kumaliza kilomita laki moja, maana gari lako halitazifikisha hata kwa wajukuu. Chukua la kawaida, la kampuni inayojulikana, lililozaliwa mwaka huu au mwaka jana. Na tarehe uisome wewe, dukani, kwa macho yako. "Jipya" la muuzaji ni neno, tarakimu ndiyo ushahidi.

Spana

---

27 Machi

Mjomba,

Siku tisa hujajibu. Hujawahi kukosa maneno. Umenunua?

Spana

---

5 Aprili

Mpwa wangu Spana (nakuita mpwa makusudi),

Salamu kutoka kwa watu wazima watatu: mimi, mama yako na jicho lake. Utulie, nitakueleza kwa mpangilio.

Kwanza ijulikane kwamba sikubadilisha matairi kwa sababu ya barua yako. Barua yako nilimsomea mama yako nikiruka mistari. Nilipomaliza akasema, "Fupi hivi? Mwanangu haandiki hivi. Rudia, usiruke."

Nikarudia. Akainuka. "Nishike mkono, nipeleke kwenye gari."

Akaketi kwenye kigoda kando ya gurudumu la mbele, akaanza kulipapasa kama anachagua kitambaa. Vidole vikatoka vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Mdogo wangu, hili lina magaga kuliko kisigino changu."

"Ni maua, dada. Mapambo ya kiwandani."

"Maua gani yanameza ukucha?"

Mpwa wangu, ukucha ulikuwa umezama. Mimi mwenye macho mawili nimelipaka tairi lile kila Jumapili miaka sita. Yeye asiyeona ameona kwa dakika moja.

"Nilikubeba miaka miwili sikukuangusha," akasema. "Mimi kwenye hiki sipandi. Jicho likae na ukungu wake."

Alisema polepole, huku anajifuta vidole. Heri angenipigia kelele.

Nikaenda dukani. Muuzaji, kijana wa kofia nyekundu, akanitolea manne yanayometa. "Mzee, mapya haya. Tazama, bado yana nywele!" Ni kweli, vile vinyweleo vya mpira vilikuwepo.

Nikamwambia, "Hata maiti ana nywele. Geuza ubavu."

Akageuza kwa shingo upande. Tarakimu zilisema miaka saba. Nikamuuliza hii nini. Akanijibu, "Mzee wangu, yamekaa tu hapa rafuni. Hayajatembea hata hatua moja. Kitu kisichotumika kinazeekaje?"

Nilisikia maneno yangu yanatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, na yakanuka. Nikapandisha sauti mpaka wateja wakatoka nje. Nikamfundisha mpira, nikamfundisha kukauka, nikamfundisha haragwe na tarakimu zake, kana kwamba mimi ndiye niliyevumbua. Akaingia stoo akarudi na manne ya mwaka huu, wiki ya tano. Kipimo kilekile. Yale mapana yenye maandishi meupe nayo yalikuwepo. Niliyatazama kama mtu anavyotazama mke wa mwenzake: upesi, kisha chini.

Tarehe mbili tulifika salama. Jana wamefungua bendeji. Mama yako alitazama dirisha, akatazama mikono yake, akanitazama mimi muda mrefu. Nikasubiri neno la shukrani. Akasema, "Kumbe umenenepa hivi!" Halafu akalia, na mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Kwa hiyo nimeshinda. Waambie karakanani.

Sasa swali dogo la kitaalamu, ulijibu kwenye bahasha iliyogundishwa vizuri. Rafiki yangu mmoja, dereva hodari, anauliza: mtu akiendesha kilomita kumi na mbili na breki ya mkono haijashushwa, huku akimsifia abiria wake jinsi matairi mapya yanavyoishika barabara, na abiria akisema kuna kitu kinaungua, je, matairi ya nyuma yameumia au ni breki tu?

Rafiki huyo ni mimi.

Mjomba wako,
Chuma