Tembe Letu Liko Makumbusho

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kitandani, feni inazunguka na upepo haunifikii. Unaendeleaje? Dawa ya presha unameza, au unaihesabu tu na kuirudisha kwenye kopo? Usinijibu "hatujambo" kama kwenye simu, nataka jibu la mtu mzima. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hoteli. Mikono imeshazoea sabuni, ila joto la huku sijalizoea na sitalizoea.

Barua hii anakuletea Mama Shabani, jirani yangu, anayekuja Singida kumwona binti yake aliyejifungua. Nimeona niandike kwa sababu nikikupigia simu Kaka Ramadhani anakuwa amesimama pembeni, na wewe unaanza "ndiyo, ndiyo, haya". Soma mwenyewe, miwani unayo. Ukimaliza mpe na yeye, hakuna siri humu.

Siku hizi Jumamosi naenda makumbusho. Haya, cheka. Hata mimi nilijua ni mahali pa Wazungu na wanafunzi wenye sare. Aliyenipeleka ni Yohana, Mgogo mmoja tunayefanya naye kazi. Aliniambia, "Ninyi Wanyaturu mnashangaza. Nyumba yenu kule inaanguka na ninyi mmekaa tu." Kumbe kuna uwanja mkubwa wenye nyumba za asili, kila kabila na ya kwake, na watu wa mikoani wanaoishi jijini wanaruhusiwa kwenda kukarabati ya kwao. Ukienda kutembea unalipa kiingilio kidogo. Ukienda kufanya kazi hulipi, na mchana unapewa wali.

Basi nikaenda, nikalikuta tembe. Mama, ni letu kabisa. Paa bapa lenye udongo juu, boriti zimechomoza ukutani, mlango mfupi. Kona moja imemong'onyoka na majani yameota juu ya paa kama kwetu wakati wa mvua. Kilichokosekana ni mbuzi aliyepanda juu, na wewe chini unamtukana.

Watu wa Singida tulikuwa wachache. Wanaume walibishana asubuhi nzima nguzo ya katikati iwe ya mti gani, mwisho wakaacha ile ile iliyokuwepo. Sisi wanawake tukapewa kusiriba kuta. Mavi ya ng'ombe yakaletwa kwa toroli kutoka kwa mtu anayefuga ng'ombe wa maziwa. Lo! Yale hayakuwa mavi, ulikuwa uji. Ng'ombe wa mjini anakula pumba kutwa nzima, majani anayasikia tu. Ukipaka ukutani yanateleza mpaka miguuni. Yohana na Wagogo wenzake, ambao tembe lao liko jirani na letu, walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu toroli hilo hilo likaenda kwao. Hapo tukacheka sisi.

Tulichanganya na nyasi zilizokatwakatwa na majivu kidogo, yakashika. Nimekuwa nikienda tangu hapo. Jioni kuna ngoma, watu wa jiji wanakuja na familia zao, wanapiga picha na kununua vinyago. Wengine wanauliza maswali ya maana. Wengine wanauliza choo kiko wapi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Jumamosi moja aliingia kwenye tembe letu mama mmoja, amependeza, ana mkoba wa gharama. Akazunguka mle ndani, akatoka anajikung'uta mabega. Akasema, "Maskini, watu wa zamani waliishije humu?" Mimi nina mavi mpaka kwenye viwiko. Nikamjibu, "Mama yangu anaishi kwenye nyumba kama hiyo mpaka leo, na jana alilala vizuri kuliko wewe." Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alinishika bega, akasema, "Pole sana, dada." Ile pole iliniudhi kuliko kama angenitukana. Nikaenda kunawa.

Mhifadhi wa pale, anaitwa Bi Neema, alisikia. Alinifuata bombani, akaanza kuniuliza habari za tembe lako. Nani alilijenga? Nikamwambia ni marehemu baba na ndugu zake, kabla hajakuoa. Ndama bado wanalala ndani? Nikamwambia walikuwa wanalala, siku hizi ni kuku tu. Bado limesimama? Nikamwambia limesimama, lakini tumekubaliana watoto wote kwamba baada ya mavuno linabomolewa, kaka anakujengea nyumba ya bati palepale, na bati zimeshanunuliwa. Kisha akasema, "Halima, yaliyobaki yenye mtu ndani yake ni machache. Mwombeni mama asilibomoe."

Anataka kuja huko kwetu Mtinko na wenzake wawili. Wapige picha, wakurekodi ukieleza nyumba inavyojengwa na inavyokaliwa, kisha waongee na Kaka, kama inawezekana hiyo ya bati ijengwe pembeni na tembe libaki. Nilimwambia uwanja wetu ni mdogo, ukijenga pembeni unakula zizi. Lakini moyoni nilishakubali. Tangu Kaka aliponitumia picha ya bati zimeegemezwa ukutani sijawa na raha, nilikuwa nakosa tu sababu ya kusema. Sasa nikawa na sababu kubwa, ya watu wenye ofisi. Nikalala nimefurahi.

Jumatano nikakupigia, unakumbuka? Ukapokea, ukaanza kukohoa. Ukasema, "Subiri mwanangu, moshi huu, nitoke." Nikasubiri. Nilikusikia unajikokota, nikakusikia ulipofika mlangoni na kuinama: "Ee Mola wangu, goti." Halafu ukaendelea kuniuliza kama nimekula, kama vile hakuna kitu.

Simu ilipokatika nikaanza kujiuliza. Mimi huku nalala chini ya bati, nina dirisha, nina taa ya kuwasha ukutani. Ni nani atakuja kuniomba nirudi kwenye moshi ili watu wapate kunitazama? Na akiniomba, nitamjibuje? Nilijijua nitamjibuje.

Jumamosi nilimwambia Bi Neema kwamba nyumba ile siyo yangu wala ya Ramadhani. Mwenyewe yuko hai na mdomo anao, aulizwe yeye. Hakubisha. Amesema kama unataka libomolewe atakuelewa, lakini anaomba aje kabla, akusikilize tu, hata kwa siku moja. Hiyo ruhusa ni yako, Mama. Ukikubali, wapikie uji wa mtama na uwaeleze kila kitu, hata ugomvi wako na baba kuhusu dirisha. Ukikataa, mwambie Kaka anitumie ujumbe. Wakija bila ruhusa yako, wafukuze, hilo najua unaliweza.

Ukiniuliza mimi ninataka nini, nataka libaki. Nalitaka sana, Mama, kiasi kwamba naandika hapa machozi yananitoka, na Mama Shabani ananiona mlangoni anajifanya anatafuta ndala zake. Lakini sikai humo mimi. Bati ziezekwe. Ulale pakavu, uingie kwako umesimama wima.

Mwamkie Kaka Ramadhani, mwambie sijakasirika naye, anafanya jambo jema. Msalimie wifi na wanawe. Mama mdogo wa Issuna akifika sokoni mpe salamu zangu, na ile kanga niliyomwahidi iko kwenye mfuko wa Mama Shabani pamoja na dawa zako. Majirani wote waliouliza habari zangu waambie nipo. Wasiouliza wasalimie pia.

Jambo la mwisho. Siku ya kubomoa mchague Jumamosi, na msinipigie simu. Nitakuwa ndani ya lile tembe la huku, nasiriba.

Mwanao,
Halima