Thelathini na Wanane Wote

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na nyumbani hawajambo wote. Mimi mzima, ila macho yamechoka na kompyuta.

Nina ombi. Ile programu huria uliyowawekea mafundi cherehani huko, tunayoitengeneza kwa kujitolea na kuigawa bure, tunataka kuiboresha. Shida ni kwamba hatujui mafundi wanapenda nini. Wanapima kwa inchi au sentimita? Maandishi wanayakuza? Vitufe gani hawajawahi kuvigusa? Toleo jipya lina kisanduku kwenye mipangilio. Fundi akikiwekea tiki, programu inatutumia hayo tu. Jina lake halimo, la mteja halimo, vipimo vya mtu havimo. Asipoweka, haitumi kitu, na yeye hapungukiwi na kitu.

Tafadhali wapitie, uwaeleze, kila mmoja aamue mwenyewe. Kisanduku tumekiacha kitupu makusudi. Usiwawekee wewe.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu, fahari ya ukoo,

Marahaba mara saba. Mgongo? Mgongo umenyooka kama mlingoti tangu nilipobeba friji ya kinyozi mpaka ghorofa ya tatu, peke yangu, nikiongea na simu. Mke wangu anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda.

Kazi imekwisha! Mtaa mzima wananiita Injinia, na shule niliishia la sita, tena mwalimu alinifukuza kwa sababu nilikuwa namsahihisha. Nimeingia karakana baada ya karakana, mafundi wanaacha kushona, wanakaa kunisikiliza kama taarifa ya habari. Mzee wa suti alilia. "Injinia," akasema, "miaka thelathini nashona, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi napenda nini!"

Thelathini na wanane, mpwa. Wote wamekubali. Hata yule mbishi wa sare za shule, ambaye ukimwambia leo Jumanne anadai risiti.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kazi nusu, nimekuongezea. Naambatanisha daftari zima la Mama Cherehani, wateja mia mbili na ushee, kifua, kiuno, nyonga, toka mwaka juzi. Nilikuwa namrekebishia kompyuta, nikalinakili. Mtajua mengi! Hata mimi nimejifunza. Yule mwalimu wa hesabu, mkimya yule, kiuno kimeongezeka inchi tano tangu Novemba. Kwa kinyozi tulicheka mpaka mtu akakatwa sikio.

Mjomba wako, Injinia


13 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitauliza hali, unisamehe.

Daftari nimelifuta bila kulisoma. Futa na nakala yako, sasa hivi, kabla hujamaliza barua hii.

Kisha nijibu mambo mawili. Jana kwenye mkutano wetu nilisimama nikatangaza: thelathini na wanane kati ya thelathini na wanane. Mwenzetu mmoja, mpole kabisa, akauliza, "Hakuna hata mmoja aliyekataa? Mbona mke wangu peke yake ananikatalia mara thelathini na nane kwa siku?" Wote wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama. Nani aliweka zile tiki, Mjomba? Na kwa kinyozi ulimtaja yule mwalimu?

Mpwa wako


22 Machi

Mjomba, shikamoo. Mama anasema simu yako haipatikani. Ninajua barua umeisoma.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi mgongo unauma, na ulikuwa unauma hata siku ile nilipojisifu. Friji tuliibeba watu wanne.

Barua yako niliisoma siku ileile. Nimeanza kuijibu mara sita. Katika jibu la kwanza nilikuwa na homa. La pili nilikuwa nimeibiwa. La nne nilikuwa nimezimia siku tatu. Nikayachana yote, maana niliona nitakudanganya mpaka niingie kaburini.

Tiki niliweka mimi. Mafundi wananiachia kompyuta wanakwenda zao kunywa chai. Natia toleo jipya, naweka tiki, nahamia nyingine. Mzee wa suti hakulia. Hakuwepo, alikuwa amelazwa. Nilijiambia, inchi na sentimita nani ana siri nazo? Lakini ukweli niliogopa kuuliza. Ukiuliza lazima ueleze, na barua yako niliielewa nusu. Mtu anayeitwa Injinia ataanzia wapi kusema hajaelewa?

La mwalimu. Jina sikulitaja, nilisema "yule wa hesabu", na shule nzima ina mwanamke mmoja wa hesabu. Siku ya nne maneno yakamfikia kwenye chumba cha walimu. Ni mjamzito. Alikuwa hajamwambia mtu ila mumewe na Mama Cherehani, maana mimba mbili zimeharibika huko nyuma, na mara zote ilibidi azunguke kuwaeleza watu mmoja mmoja. Safari hii alitaka anyamaze mpaka ashike mtoto mkononi. Akaenda kwa Mama Cherehani, akachukua gauni lake likiwa limekatwa nusu, akasema, "Nilikuja kushonewa, sikuja kutangazwa."

Mama Cherehani akanijia mbio. "Injinia, nani kaingia kwenye kompyuta yangu?"

Nikamwambia labda ni virusi.

Akanishukuru. Alinishika mkono akanishukuru, mpwa wangu.

Nakala nimefuta. Zaidi ya hapo sijui nifanye nini.

Mjomba wako


3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Yote yaliyotoka huko tumeyafuta, maana hatuwezi kujua lipi ni la nani. Nimesimama tena mkutanoni nikasema nilimtuma mtu bila kumwuliza kama amenielewa. Hilo ni langu, nimelibeba.

Virusi hakuna, Mjomba. Mama Cherehani anajilaumu kwa kosa lisilo lake, na mwalimu anaamini ni yeye aliyemtangaza. Nenda.

Maelezo ya kisanduku nimeyaandika upya hapo chini, mistari minne. Ukikwama nipigie. Sitacheka.

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hujambo? Sisi tupo.

Nilianza na Mama Cherehani. Wateja wawili walikuwa ndani. Sikungoja watoke, ningepata uongo mwingine. Nikasema, "Virusi ni mimi." Hakupiga kelele. Alimaliza mshono uliokuwa mkononi, akakata uzi, akasema, "Rudia, na hawa wasikie vizuri." Nikarudia, lote, mpaka ya kwa kinyozi.

Akavaa viatu, tukaenda kwa mwalimu. Mumewe ndiye aliyetoka. Nikaeleza pale kibarazani. Akasema, "Amekusikia, yuko nyuma ya pazia." Kisha mlango ukafunguliwa kidogo, Mama Cherehani akaingia, ukafungwa. Nilisubiri mpaka nikaona ninasubiri bure, nikaondoka.

Halafu mafundi. Kila mmoja nimeitoa tiki mbele ya macho yake, nikamwambia niliiweka mimi, ndipo nikamsomea mistari yako. Mstari wa tatu ulinishinda, na aliyenifafanulia ni yule mbishi wa sare. Mmoja alinitoa nje na mkasi mkononi. Mzee wa suti ametoka hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nirudi akishapata nguvu ya kunitukana.

Kumi na mmoja wamekubali. Ishirini na wawili wamekataa. Wanne wanataka kufikiri, pamoja na mzee.

Mama Cherehani nilimwacha wa mwisho. Nilimwuliza nikiwa nje ya kizingiti, ndani sikaribishwi tena. Akaniuliza, "Nikikataa, utamwandikia mpwa wako nini?"

Nikasema, "Nitaandika umekataa."

"Basi andika."

Amekataa.

Mjomba wako